Mwanangu, kuhusu ile kazi ya Saint Paul

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi huku wazima. Mama yako goti bado linamsumbua, ila amekataa kabisa kuacha kupanda ngazi za jikoni.

Swali lako nimekaa nalo wiki nzima. Unasema umewatetea wasio na uwezo mahakamani kwa miaka sita, na sasa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota imekuita kazini huko Saint Paul, Marekani. Unaniuliza: ukikubali, utakuwa umewageuka watu wako?

Nianze na Mwanasheria Mkuu mliyenaye, Keith Ellison. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba kabla ya siasa aliongoza kituo cha msaada wa sheria pale Minneapolis, akiwatetea watu wa aina ile ile unayowatetea wewe. Halafu mwaka 2020, George Floyd alipouawa na polisi, Gavana akamkabidhi kesi, na mtu wa utetezi akawa mwendesha mashtaka. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2021 ulinipigia unalia, Chauvin, yule polisi aliyemuua, amekutwa na hatia kwa mashtaka yote matatu. Nilichokishika mimi ni maneno ya Ellison baadaye, kwamba hukumu ile yeye hawezi kuiita haki, kwa kuwa haki ni kukirudisha kilichopotea. Ile ni kuwajibishwa, hatua ya kwanza tu. Sijui kama angeweza kusema vile mtu ambaye hajawahi kukaa upande wa mshtakiwa.

Lakini siye niliyetaka kukuandikia. Siku moja kabla ya hukumu ile alifariki Walter Mondale, na wewe katika furaha na machozi hukumtaja. Watu wanamkumbuka kuwa Makamu wa Rais wa Carter, au yule aliyeshindwa na Reagan mwaka 1984 akabaki na jimbo la Minnesota na jiji la Washington peke yake. Mimi namkumbuka kwa barua moja.

Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota tangu 1960, aliteuliwa na Gavana akiwa na miaka 32, kisha akachaguliwa kwa kura. (Hili la kura bado linanipa taabu. Kwetu Rais humteua. Huko majimbo 43 kati ya 50 wananchi humchagua, na anayeomba kura lazima aangalie upepo unavuma wapi.) Mwaka 1962 ofisi ya mwenzake wa Florida iliwaandikia wanasheria wakuu wa majimbo mengine kuomba msaada. Kulikuwa na mfungwa, Clarence Gideon, amehukumiwa miaka mitano kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, akaambiwa sheria ya Florida humpa wakili maskini mwenye kesi ya adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akachukua penseli akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka gerezani. Florida iliwaomba wenzake waseme kwamba kila jimbo lijiamulie lenyewe.

Mondale, akiwa na miaka 34, umri wako wewe leo, alikataa. Tena hakuishia kukataa. Yeye na mwenzake wa Massachusetts waliwakusanya wengine mpaka majimbo zaidi ya 20 yakasimama upande wa mfungwa. Florida ikabaki na Alabama na North Carolina. Machi 1963 majaji wote tisa wakampa Gideon haki ya wakili.

Hayo ulinisomea kwenye simu mwaka wako wa kwanza wa sheria. Ulipofika kwenye penseli, simu ikakatika. Nilikutumia ujumbe kwamba salio limeisha. Mwanangu, salio halikuwa limeisha.

Unajua kwamba baba yako mdogo Hamza alifungwa miezi tisa kwa cherehani ya fundi. Kwetu jambo hilo hutajwa kwa kifupi hivyo hivyo, na bibi yako, Mungu amrehemu, hakutaka litajwe kabisa. Usichokijua ni kwamba nilikuwemo mahakamani. Ilikuwa 1979, nina miezi minne katika kazi ya karani wa masjala. Jalada la Hamza nililifungua kwa mkono wangu. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya shahidi aliyoyatoa polisi, kwamba alimwona Hamza akitoka dukani na cherehani saa mbili na nusu usiku. Ilikuwa Ramadhani. Saa mbili na nusu Hamza alikuwa tarawehe, bega lake na bega langu.

Siku ya kesi shahidi alisema "usiku" tu. Hakimu akamgeukia Hamza: "Una swali kwa shahidi?" Kijana wa miaka 19, hana wakili, hajui hata kwamba kuna maelezo ya polisi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na majalada kifuani. Swali lilikuwa dogo tu. Saa ngapi? Hamza akasema, "Sina swali, mheshimiwa."

Nimejitetea miaka mingi. Karani haruhusiwi kutoa siri ya jalada. Ningefukuzwa, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimlisha bibi yako na shangazi zako. Yote hayo ni kweli. Lakini ningeweza kusimama kama ndugu, si kama karani, nikasema nilikuwa naye msikitini. Hilo halikuwa siri ya jalada. Niliogopa. Na rufaa? Gideon aliandika kwa penseli. Mimi nilikuwa na mashine ya chapa mezani, na karatasi, na nilijua mpangilio wa rufaa kuliko mawakili wengi wa mji ule. Sikuandika hata mstari.

Ndiyo maana umekua ukinisikia nikisema mizani ya sahani moja haipimi kitu, mpaka kaka yako akawa ananiigiza. Mlidhani ni usemi wa mahakamani. Nilikuwa nasema habari za Hamza.

Sasa nikirudi kwako. Moyo wangu unasema baki unakouliza maswali ambayo Hamza hakujua kuyauliza. Halafu namkumbuka Mondale, najibishana. Mawakili wa utetezi walikuwepo wengi Marekani nzima, na Gideon alipata mzuri. Lakini neno la serikali zenyewe, za watu ambao kazi yao ni kushinda kesi za namna ile, zikisema "mpeni wakili", lile hakuna mtetezi angeweza kulisema badala yao. Au nampamba? Alikuwa mwanasiasa, miaka miwili baadaye alikuwa Seneta. Huenda aliona upepo. Hata hivyo barua ilifika mezani pake, na alikuwa na sababu zote za kuiitikia, kama nilivyokuwa na sababu zangu. Hakuitikia.

Wengine wa ofisi hiyo wamefanya makubwa, kama Humphrey mdogo, mtoto wa yule Makamu wa Rais Hubert Humphrey, aliyezibana kampuni za sigara mpaka mwaka 1998 zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 6 na kufungua nyaraka zao. Sawa. Lakini ningekuwa wewe nisingeuliza ofisi imeshinda kesi ngapi. Ningeuliza barua ya namna ile ya Florida ikifika leo, inasomwa na nani, na kijana wa ngazi ya chini akisema "hapana" anasikilizwa, au anaonyeshwa mlango.

Unataka niseme chukua au acha. Siwezi. Yaani naweza, na neno lenyewe liko ncha ya kalamu, lakini aliyenyamaza 1979 hana haki ya kukusukuma upande wowote. Ila wakikuahidi kwamba utasikilizwa, waambie waiandike.

Jana Hamza alipita na changu wawili. Tulikaa uani anaparua samaki, nikamweleza kisa cha Gideon mara ya kwanza, hadi mwisho wake: kesi iliporudiwa Agosti 1963 akiwa na wakili, aliachiwa. Hamza akauliza huyo wakili alifanya nini cha ajabu. Nikamwambia alimbana shahidi aeleze alikuwa anafanya nini nje ya ukumbi ule alfajiri. Hamza akauliza, "Ilikuwa saa ngapi?" Nikamjibu, kwenye saa kumi na moja na nusu. Akaendelea kuparua.

Habari za lile jalada bado sijamwambia. Ukija Desemba, nitaomba ukae nami siku hiyo.

Baba yako