Mwendo Kwanza, Kisha Sura

Juma lililopita msomaji mmoja aliniuliza kama fedha zake chache azitumie kwenye sura ya garimoshi lake dogo la mfano au kwenye mwendo wake. Namjibu kwa yaliyonifika hapa Manchester, mji ulikoundwa magarimoshi 34 ya aina iliyoitwa daraja la 59 ya Reli za Afrika Mashariki, yaliyopewa majina ya milima yetu.

Niliunda mfano wa garimoshi hilo kwa kipimo cha 1:87, yaani dogo mara 87 kuliko lenyewe, juu ya njia yenye upana wa milimita 12 kati ya reli zake mbili, ambayo ukiizidisha mara 87 unapata milimita 1,044, karibu sawa na reli yetu ya mita moja. Nililipaka rangi ya damu ya mzee, nikalitia masizi juu na vumbi jekundu la Voi magurudumuni, kisha nikalehemu kila bomba la shaba mahali pake. Kwa sura, sijaona lililolishinda.

Siku ya maonyesho lilikwama kwenye kona ya kwanza. Garimoshi halisi la aina hiyo lina injini mbili, mbele na nyuma, na kila moja hugeuka peke yake huku boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ikibebwa katikati, ndiyo maana liliweza kupinda milimani licha ya urefu wake. Mabomba yangu, yaliyolehemewa pande zote mbili, yaliinyima injini nafasi ya kugeuka. Tena kona halisi ya nusu kipenyo cha mita 200 ingehitaji mita 2.3 mezani, nami nilikuwa na sentimita 60 tu. Bomba liligusa gurudumu, umeme ukapiga shoti, na mzee mmoja akasema mbele ya watu kwamba nimeleta sanamu. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Nilikata kila bomba linalovuka egemeo, yaani mahali injini inapogeukia, na kulishikiza upande mmoja tu, nikatia uzito wa madini ya risasi ndani ya boila ili magurudumu yashike reli, na kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, ya kulivusha penye uchafu. Sasa linaondoka taratibu, kama lenye mzigo.

Basi ndugu yangu, tembeza fremu tupu kwenye kona yako iliyo kali kuliko zote kabla hujagusa brashi ya rangi. Pangusa reli. Tembeza tena, mbele na nyuma, kwa mwendo wa kinyonga. Mtazamaji aliye hatua mbili kutoka mezani haoni ribiti, msumari mdogo wa kuungia mabati, iliyokosekana, lakini mshtuko wa kuondoka anauona hata mtoto. Kila bomba unalotaka kuongeza, lifunge, kisha urudi kwenye kona ile ile. Likigusa, litoe, hata kama umelitengeneza kwa juma zima.