Sanaa ya kioo cha studio haikuanza na Chihuly

Nani alianzisha sanaa ya kioo cha studio, yaani msanii kupuliza kioo mwenyewe kwenye karakana yake? Wengi hudhani ni Dale Chihuly, msanii maarufu wa kioo wa Marekani. Hapana, si yeye. Ni Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwenye warsha mbili za mwaka 1962 katika Jumba la Makumbusho la Toledo, Ohio, Marekani. Chihuly alikuja baadaye, akiwa mwanafunzi wake.

Kabla ya hapo kupuliza kioo ilikuwa hasa kazi ya kiwandani: mmoja anachora, kundi la mafundi linapuliza. Littleton alitaka msanii asimame mwenyewe mbele ya tanuri dogo. Kioo cha kwanza cha washiriki wa warsha hizo kilikataa kabisa kupulizika, mpaka Dominick Labino, mtaalamu wa viwandani, alipowapa gololi za kutengenezea nyuzi za kioo, ambazo huyeyuka kwa joto la chini zaidi. Hapo ndipo kazi ilipokubali. Na tusimsahau Harvey Leafgreen, fundi mstaafu wa kiwanda cha vioo cha Libbey, aliyewaonyesha jinsi ya kushika bomba la kupulizia na kulizungusha. Bila mkono wake wangehangaika sana!

Ila hapo nazungumzia studio tu. Kwenye kisiwa cha Murano, Italia, walikuwa wanapuliza kioo karne nyingi kabla, na Littleton mwenyewe alikwenda huko kutazama mwishoni mwa miaka ya 1950.