Tafuta wa kupiga naye kabla ya kutafuta ala

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu mzima ambaye hajawahi kushika ala yoyote ya muziki aanze na ipi, na ajifunzeje? Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Chikongola, Mtwara mjini. Nilianza nikiwa na miaka 41, sasa nina 46. Ushauri wangu ni huu: anza na ala ambayo jirani yako anaipiga, na ambayo wenzake watakukaribisha ukiwa bado hujui kitu. Uzuri wa ala, bei yake na jina lake, hayo yaje baadaye.

Mimi mwenyewe sikuanza hivyo. Siku moja kijana mpiga gitaa wa kwaya aliniletea gitaa lake, kile kibao cha juu ya tumbo kinachoshikilia nyuzi kimeng'oka. Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni, na mtu alikuwa amelifunga nyuzi za chuma. Chuma kinavuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya nailoni, na gitaa la aina ile halikutengenezwa kubeba mzigo huo. Nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya, nikalibana mpaka kesho yake. Alipolifuata, alikaa juu ya benchi langu akalijaribu kidogo. Vijana wangu waliokuwa wanapiga msasa wakaacha. Mimi nilibaki na randa mkononi, sikumbuki kwa muda gani.

Oktoba minada ya korosho ilipoanza na wateja wakalipa madeni ya vitanda na milango, nikanunua gitaa langu, gitaa kavu la nyuzi sita ambalo wengine huliita galatoni. Nikajifunza peke yangu usiku kwa video za kwenye simu. Kwa miezi mitatu nilikariri kodi nne, yaani mikao ya vidole inayotoa sauti kadhaa kwa pamoja. Kila nikihamisha vidole kwenda kodi ya pili, wimbo ulikuwa umeshapita. Hapakuwa na mtu wa kuniambia kosa liko wapi, wala mtu aliyenihitaji nipige. Mwezi wa nne gitaa likawa pambo la ukutani.

Kilichonirudisha ni ngoma. Nilipanda Newala kwenye jando la mpwa wangu, mtoto wa dada, na kwa sisi Wamakonde mjomba hakosi siku hiyo. Mjomba wangu mimi, mzee wa ngoma tangu sijazaliwa, alikuwa anasimamia ngoma zipashwe kwa moto wa nyasi ili ngozi zikaze. Akanipa vijiti viwili vyembamba, akanisimamisha kwenye singanga, ile ngoma ndogo ya sauti kali ambayo mguu wake umechongoka na huchomekwa ardhini. Akanipigia mapigo mara mbili nisikie.

"Hayo hayo, njomba. Usiongeze, usipunguze."

Nikapiga hayo hayo. Mwanzoni mikono iliuma na mawazo yalizurura. Baadaye nikaanza kusikia vitu ambavyo miaka yote nilivicheza bila kuvisikia: ngoma kubwa inavyosema na miguu ya wachezaji, inavyouliza, inavyonyamaza makusudi ili sisi wa ngoma ndogo tubaki peke yetu. Nilipopotea, kijana aliyekuwa kwenye singanga ya pili aliinua vijiti vyake juu nivione, nami nikarudi. Hakuna aliyesimamisha ngoma kwa ajili yangu. Kulipokaribia kucha nilikuwa sihesabu tena.

Naomba wasomaji wenzangu tulitazame hili vizuri. Katika ngoma zetu asiyejua ana nafasi yake. Ni nafasi ndogo, lakini ni ya kweli: singanga ikinyamaza, hata fundi wa ngoma kubwa anayumba. Basi mgeni anajifunza akiwa ndani ya muziki uliokamilika, anasikia kazi yake inakaa wapi. Anayejifungia chumbani na gitaa anajitaka awe solo, rizimu, besi na mwimbaji kwa pamoja, siku ya kwanza. Ndiyo maana wengi huacha, na wakiacha husema hawana kipaji. Mimi siamini kwamba ni kipaji. Wamekosa wenzao tu.

Niliporudi Mtwara nikamfuata yule kijana wa kwaya. Ana umri wa kuwa mwanangu, na ninamwita mwalimu, kwa sababu ndiye. Alinipunguzia mzigo badala ya kuniongezea: kodi mbili tu, E maina inayotaka vidole viwili, na A maina inayotaka vitatu. Mimi nilishika rizimu, yeye akapiga solo juu yangu. Wiki tatu, kodi mbili. Nilikuwa tena kwenye singanga, na safari hii vidole vilihama kwa wakati kwa sababu kulikuwa na mtu wa kufika naye.

Kwa hiyo ukiuliza ala ipi, nami nakuuliza unaishi na nani. Kama uko Mikindani na jirani zako ni watu wa maulidi na dufu, shika dufu. Kama kanisani kwenu kuna kinanda na mpigaji ambaye hana msaidizi, kaa pembeni yake. Kinanda cha umeme hakikusumbui kutyuni, yaani kuweka sauti sawa, na sauti zake zimepangwa kwa mstari mbele ya macho yako, ila umeme ukikatika na somo limekatika. Fidla ningeiacha iwe ya baadaye, maana shingo yake haina alama za kukuonyesha pa kukandamiza, sikio ndilo linalotafuta sauti.

Na kuna ala moja inayoniuma kama seremala. Mpingo unaoota Lindi na huku kwetu ndio mti unaotafutwa duniani kwa klarineti na obo, ala za kupuliza. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Nimeushika maisha yangu yote, lakini sauti yake ndani ya klarineti nimeisikia kwenye simu tu. Natamani watoto wetu waisikie kwa karibu. Hata hivyo simshauri anayeanza kununua klarineti hapa, kwa sababu ile ile: matete ya mdomoni atayapata kwa shida, na ikiharibika hatakuwa na wa kumwonyesha.

Walioamua gitaa, hapo nina la kusema kuhusu kununua. Gitaa la mtumba si baya, ila usidanganywe na rangi. Funga jicho moja, litazame kutoka kichwani kama fundi anavyotazama ubao, uone shingo imenyooka au imepinda. Kisha kandamiza kila uzi kwenye kila freti, vile vipande vya chuma vinavyokata shingo, moja baada ya nyingine, usikilize kama kuna unaokwaruza. Kisha angalia nyuzi zimekaa juu kiasi gani: kwenye freti ya 12, uzi ukiwa umepanda zaidi ya milimita 3 au hivi, vidole vya anayeanza vitateseka bure. Wengi wanaacha hapo wakidhani udhaifu ni wao, kumbe kile kijiti cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi kinahitaji kusuguliwa chini kidogo. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye mkono mtulivu. Chukua la nailoni ukilipata, ni laini zaidi, na usilifunge chuma kamwe.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Za kwangu naagiza Kariakoo, zinakuja kwa basi, na siku zote naweka seti moja ya akiba. Gitaa usiliache karibu na bati la jua kali, gundi inalegea.

Vidole vitauma. Nilidhani mimi nitasalimika kwa sugu za msumeno, lakini sugu zangu ziko kiganjani na uzi unakata ncha ya kidole. Baada ya wiki mbili tatu ngozi inakuwa ngumu. Dakika 15 kila siku zimenifaa kuliko saa mbili za Jumapili. Kutyuni jifunze mapema, toka uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Programu za simu zinasaidia, ila lenga siku moja kuusikia uzi uliolegea kabla simu haijakuambia.

Shule zipo kwa anayeweza kusafiri. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kinafundisha tangu 1981, na Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za majahazi kilichoanza 2002, huko utakuta ala za nyuzi za taarabu, udi na kanuni. Sisi wenye karakana na watoto hatuwezi kuhama. Alhamisi jioni tunakutana kwangu, watu wanne: mwalimu na solo yake, mimi na rizimu, mwendesha bodaboda mmoja anayejifunza besi, na mama wa jirani anayeimba. Mwezi uliopita alikuja kijana wa chuo, hajawahi kushika ala yoyote. Tulimpa vijiti viwili na kopo la rangi lililokwisha, nikampigia mapigo mara mbili asikie, tukaanza.