Maswali ya Wasomaji: Fedha, Risasi na Zinki Mwambani

Mwezi huu barua tatu zimefika mezani zikihusu jambo moja, nazo zimetoka Kisumu, Nakuru na Nyatike. Tumezichapisha pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuelewa jingine.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Kisumu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamesoma kwamba katika nchi za mbali kuna mahali ambapo madini ya fedha, risasi na zinki yaligunduliwa, kisha yakakaa miaka ishirini au zaidi bila kuchimbwa. Wananiuliza: je, ni uzembe, ni ukosefu wa mtaji, au kuna sababu iliyomo ndani ya miamba yenyewe? Tena, je, historia hiyo ina uhusiano wowote na migodi yetu ya Nyanza na Kakamega?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri sana. Kati ya dalili ya madini na mgodi unaofanya kazi kuna maswali mengi, na kila swali hula miaka yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Red Dog, kaskazini-magharibi mwa Alaska, Marekani, juu ya mstari wa Aktiki, mahali ambapo hapakuwa na barabara wala bandari. Rubani wa ndege ndogo aliyeitwa Bob Baker alikuwa akiona kutoka angani vijito ambavyo kingo zake zilikuwa na rangi ya kutu. Alimweleza mwanajiolojia wa serikali, Irv Tailleur, ambaye mwaka 1968 aliichunguza sehemu hiyo na kukipa kijito jina la Red Dog, kutokana na mbwa mwekundu aliyezoea kusafiri na rubani huyo. Taarifa ilitolewa kwa umma mwaka 1970. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 1989.

Kutu ile ilikuwa na maana gani? Madini ya risasi na zinki kwa kawaida huwa yameungana na salfa, na karibu nayo huwamo pairaiti, yaani muungano wa chuma na salfa ambao wengi huudhania kuwa dhahabu. Mwamba huo ukifikiwa na hewa na mvua, salfa hugeuka asidi na chuma hugeuka kutu. Zinki huyeyuka upesi na kuchukuliwa na maji, risasi husalia karibu na pale ilipokuwa, na chuma hubaki juu kama kofia nyekundu yenye vishimo vishimo. Kwa hiyo mtafutaji mzoefu akiona kofia ya namna hiyo huanza kufikiria kilichoko chini yake, hata kama jiwe la juu halina zinki yoyote ndani yake. Kule Red Dog, vijito vilikuwa na madini mengi kiasi kwamba katika baadhi ya sehemu samaki hawakuweza kuishi, na hali hiyo ilikuwapo kabla ya sururu ya kwanza kugusa ardhi.

Miamba yenyewe ni udongo mweusi wa sakafu ya bahari ya kale, uliogandamana kuwa mwamba zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Maji ya moto yenye chumvi nyingi yalipanda kutoka chini kupitia nyufa, yakiwa yamebeba metali zilizoyeyuka, na yalipokutana na matope yenye salfa, metali zikaganda humo tabaka kwa tabaka. Hivyo ndivyo zinki, risasi na fedha zilivyolala pamoja. Fedha kwa kawaida huwa kidogo sana, ikiwa imejificha ndani ya madini ya risasi, lakini thamani yake huweza kuamua kama mgodi utalipa au hautalipa.

Ilibaki ardhi, na hapa ningependa wanafunzi wako watulie kidogo. Mwaka 1971 Marekani ilipitisha sheria ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska, ikaunda mashirika ya wenyeji na kuyapa haki ya kuchagua maeneo. Shirika la Wainupiat la eneo hilo, NANA, lilichagua ardhi yenye Red Dog. Baada ya hapo wazee na viongozi wao walichukua miaka kujadili, kwa kuwa watu wanaoishi kwa kuwinda na kuvua wana mengi ya kupoteza, na mwaka 1982 wakatia saini mkataba na kampuni ya Cominco, wakiweka masharti kuhusu mgao wa mapato, ajira kwa wenyeji na ulinzi wa maisha yao ya uwindaji. Ndipo ikajengwa barabara ya kilomita 80 na kitu hadi Bahari ya Chukchi, ambako barafu huziruhusu meli kupakia kwa takriban miezi mitatu tu kwa mwaka. Wanafunzi wakisema huo ulikuwa uzembe, mwalimu, waambie wahesabu upya.

Linganisha na kwetu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za Waafrika, ikiahidi kwamba ardhi ikitwaliwa kutoka hifadhi zao, watapewa nyingine badala yake. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega, na wazungu wakamiminika kwa mamia. Mwanajiolojia Albert Kitson aliletwa mwaka 1932 kulitathmini eneo, na Desemba ya mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili ardhi ya kuwapa wachimbaji iweze kutwaliwa bila kutolewa nyingine. Ahadi iliyopaswa kudumu daima ilidumu miaka miwili. Nayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu mgodi mkubwa kuliko yote uliotokana na msukumo huo, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952, ilhali swali la nani mwenye ardhi yenye madini bado linasikika katika mikutano ya hadhara hadi leo.

Ama Macalder, mgodi wa zamani wa Migori huko Nyanza, mwambieni kila mwanafunzi wa Nyanza ajivunie kuwa jirani ya mwamba wa namna ile. Mkanda wa Migori una miamba ya volkano iliyomwagika chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na mwanajiolojia R. M. Shackleton aliuchorea ramani kwa makini katika ripoti ya idara ya jiolojia ya mwaka 1946. Chemchemi za moto za sakafu ya bahari hiyo zilimwaga shaba, zinki, dhahabu na fedha. Wanasayansi walikuja kuziona chemchemi za aina hiyo zikifanya kazi kwa macho yao katika Bahari ya Pasifiki mwishoni mwa miaka ya 1970, zikitoa maji meusi yenye joto la takriban nyuzi 350. Macalder ilianza kwa dhahabu ya tabaka la juu lililooza kwa kutu; walipoteremka wakakutana na mwamba mgumu wenye salfa, wakachimba shaba hadi mwaka 1966. Tofauti yake na Red Dog ni kwamba kwetu shaba ndiyo iliyoongoza na risasi ni haba, kama ilivyo desturi ya miamba ya volkano ya umri huo.

Liko jambo moja zaidi. Madini yanaweza kujulikana, ardhi ikapatikana, reli ikafika, na bado zinki ikashindikana. Broken Hill, Australia, iligunduliwa mwaka 1883 na Charles Rasp, mlinzi wa mipaka ya shamba la kondoo, ambaye alidhani kilima kile cheusi kilikuwa na bati. Vipimo vya kwanza vilivunja moyo, kisha fedha nyingi ikaonekana, na kampuni ikaundwa mwaka 1885. Lakini mwamba wa chini ulikuwa na risasi na zinki zilizosukana hivi kwamba zinki ilitupwa pamoja na takataka, vilima kwa vilima. Suluhisho lilipatikana papo hapo Broken Hill mwanzoni mwa karne ya 20: jiwe lisagwe kuwa unga, unga utiwe katika maji yenye dawa, na hewa ipulizwe ili chembe za metali zishikamane na mapovu na kuelea. Njia hiyo inatumika duniani kote hadi sasa.

SWALI: Mhariri, sisi wakaazi wa Nakuru tunaishi chini ya mlima wa volkano wa Menengai, na tunaona mvuke ukitoka ardhini. Ikiwa maji ya moto ndiyo yanayobeba fedha na zinki, mbona hatusikii migodi hiyo Bonde la Ufa? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu, joto peke yake halitoshi. Maji yanapaswa kuwa na chumvi ya kutosha kuziyeyusha metali, yapite katika mwamba wenye metali za kuyeyushwa, kisha yapate mahali penye salfa pa kuziangusha, na kazi hiyo iendelee kwa maelfu ya miaka. Isitoshe, machimbo mengi ya aina hii huonekana baada ya mmomonyoko kuondoa miamba ya juu, na Menengai ni changa mno. Utajiri wake wa sasa ni mvuke wa kuzalisha umeme. Aliye na hamu ya kuona risasi ndani ya Kenya aelekee Pwani, ambako Kinangoni na Vitengeni zinajulikana kwa galena, yaani muungano wa risasi na salfa, katika miamba iliyopasuliwa na nyufa kubwa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mwuza omena, Nyatike. Vijana walionichimbia kisima walitoa jiwe la kijivu, zito ajabu, ambalo likivunjwa linang'aa kama kioo. Dalali amekuja akisema ni fedha tupu, na anataka tuliyeyushe kwa jiko la makaa nyumbani kwangu ili nione mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Mama, msiliyeyushe. Ikiwa jiwe lako ni galena, kama maelezo yako yanavyoashiria, moshi wake ni sumu, na vumbi lake litaingia katika sakafu, katika vyombo, na katika mikono ya watoto wanaotambaa. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa ndani ya maboma. Mjini Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na hadi sasa watoto hupimwa damu na kukutwa na risasi nyingi mno. Hapa nchini, wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua wana haki ya fidia.

Kulitambua jiwe kuna njia isiyo na hatari. Litundike kwa uzi kwenye mizani ya dukani na usome uzito wake. Kisha lizamishe likiwa bado linaning'inia, ndani ya ndoo ya maji, bila kugusa kando wala chini, na usome tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Jiwe la gramu 750 likipungua hadi gramu 650 majini, jibu ni 7.5, yaani mara 7.5 ya uzito wa maji, na huo ndio uzito wa galena safi. Pairaiti hufika 5, sfaleraiti yenye zinki 4, na mawe ya kawaida hayafiki 3. Halafu lisugue kwenye upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'arishwa: galena huacha mstari wa kijivu kilichokolea karibu na weusi. Mwisho tazama pale lilipovunjika. Galena hukatika kwa pande za mraba, ngazi juu ya ngazi, hata kipande kikiwa kidogo kama punje ya mchele. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye omena zako, na ndoo ile usiitumie tena kwa chakula.

Kuhusu fedha tupu, hilo si kweli. Galena safi ni risasi kwa asilimia 86, na fedha iliyomo, ikiwa imo, hupimwa kwa maabara peke yake. Kipande kimoja kutoka kisimani hakionyeshi kama mshipa una upana wa kidole au wa mita kumi. Hilo hujulikana kwa kuchukua udongo kwa mistari, kuchimba mitaro, na hatimaye kuchoronga. Wala usimwuzie dalali shimo. Kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba, madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya kisima chako, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka kibali kabla ya kutafuta au kuchimba. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa ajili ya madini: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa, na sehemu hiyo ya mwisho mnapaswa kuidai mkiwa pamoja.

Kiweke kipande kimoja katika mfuko wa plastiki nje ya nyumba. Andika karatasi yenye tarehe, jina la kijiji, kina cha kisima kilipotoka, na rangi ya udongo uliokizunguka, kisha uwapelekee maafisa wa ofisi ya madini ya eneo lenu, au Madini House, Nairobi. Bila karatasi hiyo hakuna mwanajiolojia atakayeweza kurudi mahali penyewe. Na maji ya kisima yapimwe risasi kabla hujayanywa.