Rangi imo ndani ya kioo

Dada mmoja ameuliza kama vile vioo vya rangi vilivyotundikwa dirishani, kando ya michoro na vinyago, vimepakwa rangi juu. Hapana dada, havikupakwa. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe, hutiwa kikiwa bado kinayeyushwa: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, na nyekundu moja ya bei ghali hutokana na dhahabu. Ndiyo maana jua la Iringa haliwezi kuvipausha. Mimi ni fundi vioo hapa mjini. Kipande cha buluu kikivunjika, ndani nako ni buluu tupu. Nyekundu nyingine lakini huwa tabaka jembamba tu juu ya kioo kisicho na rangi.

Kinachochorwa kwa mkono ni mistari myeusi ya macho na mikunjo ya nguo, kisha kipande kinachomwa tanurini kwa nyuzi 600 na ushee mpaka mchoro ushikane na kioo. Hiyo ndiyo kazi ngumu kweli. Mistari minene ya kijivu inayoshikanisha vipande ni madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi watoto wasiiguse.

Madirisha mengine huwa yamebandikwa stika za plastiki, na hizo hupauka. Pitisha ukucha ukingoni, utaijua.