Maswali ya Anga: Mbona hakuna nyota ndefu kama fimbo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Toleo lililopita uliandika kwamba nyota nyingi huzaliwa ndani ya nyuzi za gesi zilizomo katika mawingu ya anga za juu. Mimi nimefundishwa kuwa mvutano huvuta pande zote sawasawa. Kwa nini wingu lisijikusanye likawa mpira mmoja? Na huo uzi ukiporomoka, mbona hatupati nyota ndefu kama fimbo? (Msomaji, kidato cha tano)

JIBU: Marahaba. Hilo la fimbo umeliuliza kwa mzaha, lakini ndilo lenye utamu, kwa hiyo la kwanza nitalipitia mbio.

Wingu lingekuwa mpira kama lingeanza likiwa mpira, tena limetulia. Halianzi hivyo. Mikondo ya gesi humo ndani hugongana kwa kasi inayopita ile ya sauti, na penye mgongano gesi hubanwa ikawa bapa. Bapa likianza kujivuta, upande mwembamba ndio unaofunga kwanza, maana safari yake ni fupi. Mvutano basi haunyooshi kasoro ya umbo, unaizidisha: wingu huwa bapa, bapa huwa uzi. Sumaku nayo imo. Setilaiti ya Planck ilionyesha kuwa nyuzi nzito aghalabu hulala zikikingamana na mistari ya sumaku.

Sasa njoo kwenye fimbo. Chukua mpira wa gesi usiobadilika joto, uubane mpaka kipenyo kiwe nusu. Mvutano ukingoni mwake unaongezeka mara 4, lakini msukumo wa gesi unaoukinza unaongezeka mara 2 tu. Endelea kubana na mvutano utashinda. Uzi haufuati sheria hiyo! Ukiupunguza unene kwa nusu, mvutano unaongezeka mara 2 na msukumo mara 2. Hakuna anayemzidi mwenzake. Kwa hiyo kinachoamua si unene wa uzi wala uzito wake wote, ni uzito uliomo katika kila kipande cha urefu wake. Mwanafizikia wa nyota Jeremiah Ostriker alichapisha hesabu hiyo mwaka 1964, na mimi bado naiona kuwa mojawapo ya hesabu safi kabisa katika fizikia ya nyota. Kwa gesi yenye baridi ya nyuzijoto 263 chini ya sifuri, mpaka ni uzito wa Jua mara 16 hivi kwa kila parseki, yaani kwa kila miaka ya nuru 3.26. Uzi ulio chini ya mpaka huo unaweza kujikalia tu, hata ukatawanyika. Ukiuvuka, unaporomokea mhimili wake.

Darubini ya Herschel, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2009, iliupa mpaka huo ushahidi. Katika wingu la Polaris ilikuta nyuzi tele, nyepesi, na nyota hazizaliwi. Katika wingu la Aquila nyuzi nyingi zimevuka mpaka, na humo ndimo vilimojaa viini vya nyota, yaani madonge ya gesi yanayoelekea kuwa nyota.

Lakini uzi hauporomoki kwa usawa. Palipo na gesi nzito kidogo panavuta majirani, panazidi kuwa pazito, mpaka uzi unakuwa kama shanga zilizotungwa. Hesabu za wanafizikia Inutsuka na Miyama za mwaka 1992 zilionyesha kuwa vivimbe vinavyokua upesi zaidi huachana kwa takriban mara 4 ya kipenyo cha uzi. Na kila kimoja, kwa kuwa sasa urefu na upana wake vinakaribiana, kinarudi kwenye sheria ya mpira: 4 dhidi ya 2. Hapo ndipo fimbo yako inapokatika. Kwenye ncha mambo huenda haraka zaidi, kwa sababu gesi ya mwishoni inavutwa upande mmoja tu.

SWALI: Kiini huchukua muda gani kuporomoka? (Msomaji mwingine)

JIBU: Chenye molekuli 10,000 katika kila sentimita ya ujazo, kisipozuiwa na chochote, miaka laki 3 hivi. Sumaku na misukosuko ya gesi huichelewesha kazi hiyo. Kisha nyota yenye uzito wa Jua huhitaji makumi ya mamilioni ya miaka kusinyaa kabla haijatulia kuunguza haidrojeni yake.