Usimwachishe dawa ya thairoidi kwa sababu tu amechangamka

Dada, umesema mwanao wa miezi minane aligunduliwa kwa tone la damu ya kisigino kwamba tezi yake ya thairoidi haifanyi kazi, na sasa amechangamka hata unataka kuacha dawa. Nakusihi usiache. Amechangamka kwa sababu ya dawa hiyo hiyo.

Dawa hiyo humpa homoni ambayo tezi hiyo ya shingoni ilipaswa kuitengeneza, na homoni hii ndiyo inayosaidia kujenga ubongo katika miaka mitatu ya mwanzo. Ikikosekana, mtoto huweza kuonekana mzima huku akili ikidumaa, na kilichopotea hakirudi. Zamani wengi waligunduliwa wakiwa wamechelewa, mpaka katikati ya miaka ya 1970 Jean Dussault na wenzake huko Quebec, Kanada, walipoonyesha kuwa damu iliyokaushwa kwenye karatasi yatosha kuwapima wachanga wote.

Kidonge kisage, changanya na maji kidogo au maziwa yako, mpe kwa kijiko. Usikitie kwenye chupa nzima; akibakisha, hutajua amepata kiasi gani. Dawa za madini ya chuma na kalisi zipishane nayo kwa saa kadhaa, na kama anatumia maziwa ya soya mwambie daktari, kwani huzuia dawa isifyonzwe vizuri.

Kweli, kwa baadhi ya watoto tatizo hili ni la muda. Lakini kusimamisha dawa hujaribiwa na daktari, kwa kawaida mtoto akishatimiza miaka 3, kwa vipimo vya damu. Inaniuma kwamba hukuelezwa haya siku ya kwanza. Kliniki ijayo omba uonyeshwe majibu ya damu, na uulize kama dozi inalingana na uzito wake wa sasa.